Ruta ya nyumbani inakata kila usiku, nikiizima na kuiwasha inapona. Tatizo ni nini hasa?

#1 Mchovu_wa_Taa
Wakuu habari. Nina ruta ya miaka minne, laini ni ya faiba. Mchana kutwa haina neno. Ikifika kati ya saa mbili na saa nne usiku inaanza vituko: mara waifai imo lakini haifungui kitu, mara jina lote linapotea kwenye simu. Naichomoa, nahesabu hadi kumi, naichomeka, inapona. Kesho yake tena. Siku nyingine mara moja, siku nyingine mara nne.

Kampuni ya intaneti nimeipigia, wamepima huko kwao wakasema laini ni safi, tatizo liko kwangu. Nimebadilisha neno la siri nikidhani kuna mtu anatunyonya. Nimeifuta vumbi. Nimeihamisha kutoka juu ya kabati nikaiweka nyuma ya runinga ili isionekane. Bado.

Mke wangu anasema ninunue mpya yaishe. Sitaki kununua mpya kabla sijajua hii inaumwa nini. Wajuzi karibuni.

#2 Kobe_Mzee
Nyuma ya runinga? Mkuu umeitoa hewani ukaitia jela, halafu unauliza kwa nini haongei. Nakaa hapa kusubiri wataalamu.

#3 Fundi_Nyaya
Kabla watu hawajaanza kurusha mawe gizani, mleta uzi jibu haya. Ikikata, jina la waifai linapotea kabisa kwenye orodha ya simu, au linabaki ila simu inaandika kwamba hakuna intaneti? Taa zikoje wakati huo, hasa ya PON (laini ya faiba imeshika) na ya LOS (mwanga wa faiba haufiki)? Na kifaa kilichounganishwa kwa waya nacho kinakata?

Watu wengi husema "waifai imekata" kwa magonjwa matatu yasiyohusiana: redio ya ruta imezima, ruta yenyewe imejizima ikawaka upya, au redio ni nzima ila laini ya nje imekufa. Dawa ya moja haitibu lingine.

#4 Mzee_wa_Feni
Joto. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Nikaiwekea vifuniko vinne vya chupa chini kama miguu ili hewa ipite, na feni ndogo ya kompyuta ya zamani pembeni. Mwaka wa pili huu haijakata. Mods fungeni uzi.

#5 Fundi_Nyaya
Joto lingekuwa ndilo, ingekata saa nane mchana. Yeye inakata usiku.

#6 Mzee_wa_Feni
Mchana hakuna mtu nyumbani, ruta imelala. Usiku wote wamerudi, runinga inavuta video, watoto wanacheza gemu, chipu inachemka. Na runinga inayoiunguza mgongo nayo imewashwa saa hizo hizo. Fikiria kidogo kaka.

#7 Fundi_Nyaya
Sawa, hapo umenipata nusu.

#8 Sauda_wa_Ghorofani
Kubadilisha neno la siri hakutoshi kama hukuangalia orodha. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye kivinjari, anwani yenyewe imeandikwa kwenye stika chini ya ruta), tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, hesabu. Na ukiwa humo zima WPS (njia ya kujiunga kwa kitufe au tarakimu bila neno la siri). Ile ya tarakimu nane ilishajulikana tangu 2011 kwamba inakisiwa kirahisi.

#9 Mchovu_wa_Taa
Nimeingia sasa hivi. Vifaa 23!! Nyumbani tuko watu wanne. Nilijua tu. Nani hawa?

#10 Kobe_Mzee
Mtaa mzima unakushukuru kwa ukarimu wako.

#11 Bundi_wa_Seva
Tulia mkuu kabla hujagombana na jirani. Simu za siku hizi hazitoi anwani yao halisi ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa). Android kuanzia toleo la 10 (2019) na iPhone kuanzia iOS 14 (2020) zinabuni anwani ya bandia kwa kila jina la mtandao. Kwa hiyo simu moja ikijiunga leo na jina la kwanza, kesho na jina la pili, ruta inaandika "wageni" wawili. Na ruta nyingi zinaorodhesha hata waliokwishaondoka.

Kuijua anwani ya bandia ni rahisi: angalia herufi ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, imebuniwa na kifaa. Hesabu hizo kwanza. Una majina mangapi ya waifai hapo kwako?

#12 Mchovu_wa_Taa
Majina matatu. Na kweli, kati ya 23, kumi na sita zina hizo herufi. Nimepumua. Jirani nisamehe popote ulipo.

Fundi_Nyaya, maswali yako nitajibu leo usiku ikikata.

#13 Chaneli_Tatu
Mimi nasema ni msongamano. Usiku kila nyumba waifai zao zinapiga kelele pamoja. Pakua programu ya kuchambua waifai, utaona majirani wamerundikana chaneli 1, 6 na 11. Mimi nilihamia chaneli 3 ambako hakuna mtu kabisa. Raha tupu.

#14 Bundi_wa_Seva
Kila mtu akifanya hivyo tumekwisha. Kwenye 2.4 GHz chaneli zimepishana MHz 5 tu, lakini kila waifai inatandaza MHz 20. Ukikaa chaneli ya 3 hujakaa pasipo na mtu, umekaa katikati ya wa 1 na wa 6, unawasikia wote wawili nao wanakusikia. Tena ni vibaya zaidi: waliomo kwenye chaneli moja hupeana zamu, mmoja akisema mwingine anangoja. Wewe wa chaneli 3 kwao si mwenzao wa kupeana zamu, ni kelele tu. Ndiyo maana wamerundikana 1, 6 na 11, ndizo tatu zisizogusana.

Na kama ruta imewekwa upana wa MHz 40 kwenye 2.4, rudisha 20.

#15 Chaneli_Tatu
Mbona kwangu inafanya kazi?

#16 Bundi_wa_Seva
Muulize wa chaneli ya 1 kama kwake inafanya.

#17 Kobe_Mzee
😂😂 Badilisha jina basi mkuu, maana hilo limeshakuwa ushahidi.

#18 Dada_wa_Mikutano
Nafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo kwa hili nimelia mpaka nimekuwa fundi. Kwangu jina la 5 GHz lilikuwa linapotea lenyewe dakika moja hivi, linarudi. La 2.4 linabaki palepale. Nilibadilisha kila kitu, hata ruta.

Kumbe ni rada. Sehemu ya 5 GHz, chaneli 52 mpaka 64 na 100 mpaka 144, waifai ni mgeni tu, wenyewe ni rada za hali ya hewa na wenzao. Ruta ikisikia kitu kinachofanana na rada, sheria inaitaka iondoke kwenye chaneli ile papo hapo. Inahamia nyingine, na kama nayo ni ya rada, lazima isikilize kimya sekunde 60 kabla ya kusema neno. Ulaya, kwa zile za rada za hali ya hewa, inasikiliza dakika 10. Wewe huku unadhani imekufa.

Nimeifungia chaneli 44. Zile 36, 40, 44 na 48 hazina sharti la rada. Imetulia. Mleta uzi, likipotea jina angalia ni lipi.

#19 Mjukuu_wa_Edison
Rada jamani. Hiyo chai. Kila mtu angekuwa na rada dirishani.

#20 Dada_wa_Mikutano
Huhitaji kuwa na rada dirishani. Ruta inaweza kudanganyika na kelele nyingine ikadhani ni rada, ikakimbia hata hivyo. Ingia kwenye kumbukumbu za ruta yako utaona yenyewe inaandika.

#21 Mzee_wa_Feni
Maikrowevu je? Shemeji yangu kila akipasha chakula, gemu la mtoto linaganda.

#22 Bundi_wa_Seva
Hilo ni la kweli, si hadithi. Maikrowevu inafanya kazi karibu na 2.45 GHz, katikati kabisa ya bendi ya waifai. Mlango ukivuja kidogo tu, kiasi kisichomdhuru mtu, waifai ya karibu inazidiwa, maana yenyewe inanong'ona. Lakini inakwisha mlio wa kumaliza unapolia. Ya mleta uzi haiponi mpaka aichomoe.

#23 Mpita_Njia77
Kwani kirefu cha Wi-Fi ni nini? Naona watu wanabishana jina lenyewe hawalijui.

#24 Sauda_wa_Ghorofani
Wireless Fidelity.

#25 Bundi_wa_Seva
Haina kirefu, dada. Ni jina la biashara lililobuniwa 1999 na kampuni ya Interbrand, kwa sababu "IEEE 802.11b" ilikuwa haitamkiki. Hilo la fidelity walilibandika baadaye kwenye tangazo, likawaganda. Turudi kwenye mada.

#26 Mchovu_wa_Taa
MREJESHO. Jana imekata mara mbili, nimekesha nayo.

Saa 2:40: majina mawili yalipotea kabisa, taa zote zikazima sekunde moja, zikaanza kuwaka moja moja. Sikuigusa! Baada ya dakika mbili hivi ikarudi, lakini simu mbili ziliunganishwa na hazifungui kitu. Nikaichomoa, nikaichomeka, zikapona.

Saa 3:55: majina yote yapo, taa zote sawa, LOS haikuwaka nyekundu. Runinga (ina waya) inacheza vizuri. Laptopu yangu inasema imeunganishwa, hakuna intaneti. Simu ya mke wangu iliyo kando yangu inafungua kila kitu!

Sasa hapo sielewi hata cha kuuliza.

#27 Fundi_Nyaya
Safi sana, hivi ndivyo mgonjwa anavyojieleza. Hayo ni magonjwa mawili. Tukiyachanganya hatufiki.

La saa 2:40: ruta imejizima na kuwaka upya. Nenda kwenye kumbukumbu zake. Ruta nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwaka huandika tarehe 1 Januari 1970 mpaka zipate saa sahihi kutoka kwenye mtandao. Kila unapoona 1970 katikati ya orodha, hapo ndipo ilipozima. Hesabu ngapi.

#28 Mchovu_wa_Taa
Nimehesabu. Siku sita zilizopita, 1970 imo mara kumi na moja. Karibu zote usiku. Kumbe ilikuwa inazima hata nikiwa sijui.

#29 Fundi_Nyaya
Sasa pindua ruta, soma stika inataka volti ngapi na ampea ngapi. Halafu soma chaja yake.

#30 Mchovu_wa_Taa
Ruta: 12V 1.5A.
Chaja: 12V 1A.

Ngoja. Tulipohama nyumba mwaka jana chaja zote zilikuwa kwenye boksi moja. Tundu lilikaa sawa nikaona ndiyo yenyewe. Sasa naona ile ya 1.5A iko kwenye king'amuzi.

#31 Kobe_Mzee
Mtu wa #1 alisema ameifuta vumbi 😂

#32 Fundi_Nyaya
Mara 12 kwa 1 ni wati 12. Ruta imeombewa wati 18. Mchana haitumii hata nusu, chaja inatosha. Usiku redio zote mbili zinafanya kazi kwa nguvu, chaja inazidiwa, volti zinashuka, ruta inazimia. Kuna kitu umechomeka kwenye tundu la USB?

#33 Mchovu_wa_Taa
Diski ya filamu. Watoto wanaangalia kwenye runinga. Usiku.

#34 Fundi_Nyaya
Tundu la USB 3 linaruhusiwa kutoa mpaka ampea 0.9 kwa volti 5, yaani wati 4.5. Hiyo diski ikianza kuzunguka inakula karibu theluthi ya chaja yako peke yake. Nimemaliza kazi.

#35 Mzee_wa_Feni
Na chaja inayozidiwa inafanyaje? Inapata JOTO. Nashukuru.

#36 Sauda_wa_Ghorofani
Akiweka ya ampea kubwa si itaiunguza ruta?

#37 Mjukuu_wa_Edison
Hapana. Volti ndizo lazima zifanane, na upande wa chanya na hasi kwenye pini. Ampea ni uwezo tu, kifaa kinachukua kinachohitaji. Chaja ya 12V 2A haina ubaya. Ya 19V ya laptopu ndiyo itakuletea moshi.

Ila mimi Fundi simwamini moja kwa moja. Chaja ya 12V 1A ikiwa nzima ingeibeba ruta nyingi tu, stika huandikwa na akiba juu. Yangu ilikuwa na ampea sahihi na bado ilikuwa inazima. Nikaifungua, kapasita mbili zimevimba vichwa. Ukiipima kwa mita ikiwa peke yake inakuonyesha 12 safi kabisa. Ukiipa mzigo inaanguka mpaka 9. Kwa hiyo pima ikiwa kazini. Na usifungue kama huna uzoefu, kapasita kubwa inakaa na umeme hata ukichomoa.

Pia kuna umeme wa ukutani. Usiku watu wote wamewasha kila kitu, volti za nyumba zinashuka. Taa zenu hazififii saa hizo?

#38 Mchovu_wa_Taa
Zinafifia kidogo, ndiyo. Jamani mnaniongezea majibu na mimi nilikuja na swali moja.

#39 Kijana_wa_Gemu
Mnamwacha laptopu yake. Hiyo ya 3:55 si umeme. Wenzake wanapata yeye hapati. Hiyo ni diski. USB 3 inatoa kelele kwenye 2.4 GHz, Intel waliandika kabisa mwaka 2012. Diski na kebo yake vikiwa karibu na antena, redio inakuwa kiziwi.

#40 Bundi_wa_Seva
Kelele ni kweli, lakini angekuwa na ishara dhaifu au spidi ya kobe, si "imeunganishwa, hakuna intaneti" huku simu iliyo kando yake inapeta. Mleta uzi, ikitokea tena fungua ule ukurasa mweusi wa komandi kwenye laptopu, piga hizi tatu kwa zamu (ping inauliza kama upande wa pili unajibu):

ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
ping na jina la tovuti yoyote

Ya kwanza ikigoma, hufiki hata kwenye ruta. Ya kwanza ikipita na ya pili ikigoma, unafika kwenye ruta ila hutoki nje. Mbili zikipita na ya tatu ikigoma, ni DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba). Halafu andika ipconfig, uniletee anwani yako.

#41 Kobe_Mzee
Kobe nimetajwa bila sababu kwenye #40. Spidi yangu ni ya makusudi.

#42 Soketi_ya_Saa
Mnahangaika bure. Nunua soketi yenye saa, iizime ruta saa tisa usiku dakika tano kila siku. Mimi miaka mitatu sijui kukata ni nini.

#43 Fundi_Nyaya
Hiyo ni kumpa mgonjwa dawa ya maumivu kila siku bila kumpima. Tena siku fimwea (programu ya ndani ya ruta) ikiwa inajisasisha saa tisa usiku na wewe ukaikatia umeme katikati, utaamka na tofali.

#44 Soketi_ya_Saa
Maumivu hayapo lakini.

#45 Dada_wa_Mikutano
Samahani, kuna kitu kimenikaa. #12 amesema majina matatu ya waifai. Ruta ya bendi mbili kwa kawaida ina majina mawili. Na #26 kasema yalipotea majina mawili. La tatu ni la nani?

#46 Mchovu_wa_Taa
La ruta ya zamani. Iko chumba cha nyuma, niliivutia waya kutoka kwenye hii ili huko nako kushike. Hiyo haina tatizo, haijawahi kukata.

#47 Bundi_wa_Seva
Mkuu.

Mkuu.

Ulipoivutia waya ulichomeka tundu la LAN (la vifaa vya ndani) au WAN (la laini ya nje)? Na ulizima DHCP yake?

#48 Mchovu_wa_Taa
Tundu la njano kama mengine ya njano. DHCP ni ipi?

#49 Kobe_Mzee
Ngoja nisogeze kiti mbele.

#50 Bundi_wa_Seva
DHCP ndiye karani anayegawa anwani kwa kila kifaa kinachoingia, na kumwambia mlango wa kutokea uko wapi. Nyumba moja karani mmoja. Wewe una wawili, kila mmoja anadhani yuko peke yake. Kifaa kikiingia kinapiga kelele "nipeni anwani", wanaitika wote, anayewahi ndiye anayesikilizwa. Akiwahi mpya, unapata intaneti. Akiwahi wa zamani, anakuelekeza mlango ulioko kwake, na mlango huo hauendi popote. Imeunganishwa, hakuna intaneti. Simu ya kando ilimpata karani mzuri.

Leta ipconfig tuone.

#51 Mchovu_wa_Taa
Imetokea sasa hivi, saa 3:10. ping 192.168.1.1 imegoma, 8.8.8.8 imegoma. Anwani ya laptopu: 192.168.0.104. Ya simu ya mke wangu: 192.168.1.12.

#52 Bundi_wa_Seva
Namba ya tatu: laptopu 0, simu 1. Makarani wawili. Kesi imekwisha.

#53 Kijana_wa_Gemu
Na kwa nini usiku tu? Makarani wako wawili mchana pia.

#54 Dada_wa_Mikutano
Kwa sababu usiku ndipo watu wanarudi na vifaa vinaomba anwani upya. Lakini naona kuna zaidi. Chaja inazidiwa, ruta kubwa inazima. Inachukua dakika mbili kuamka. Ya zamani haijazima, iko macho. Vifaa vilivyotupwa vinakimbilia kwake, yeye ndiye karani pekee aliyeko ofisini, vinachukua anwani mbovu. Ruta kubwa ikiamka, vimeshajaa upande usio na mlango. Ndiyo maana kwenye #26 simu mbili ziligoma baada ya kujiwasha yenyewe. Kwa hiyo Fundi na Bundi wote wana haki, moja linamzaa lingine.

#55 Fundi_Nyaya
Dada hapo umeunganisha nyaya ambazo sisi tulikuwa tunavutana nazo.

#56 Mjukuu_wa_Edison
Inapendeza kuisoma, ila mbona akiichomoa mwenyewe inapona? Kwa maelezo yako ingekuwa vilevile, dakika mbili za karani mbovu.

#57 Dada_wa_Mikutano
Bahati nasibu. #1 kasema kuna siku ni mara nne.

#58 Mjukuu_wa_Edison
Bahati nasibu si maelezo.

#59 Kijana_wa_Gemu
Na hakuna aliyegusia simu zinazopandisha picha wingu usiku zikifika nyumbani. Kwangu upande wa kupakia ukijaa, pingi (muda wa jibu kurudi, kwa milisekunde) inatoka 20 inafika 900, kila mtu anadhani imekata. Ni foleni tu ndani ya ruta. Niliweka OpenWrt (programu huria ya ruta) na CAKE (inayopanga foleni), foleni ikaisha.

#60 Bundi_wa_Seva
Hiyo ipo na inasumbua wengi, lakini foleni haibadilishi 1 kuwa 0.

#61 Mpita_Njia77
Antena zielekeze chumbani unakokaa, mambo yote haya yataisha.

#62 Bundi_wa_Seva
Kinyume chake. Antena fimbo inatawanya kwa pembeni, kama tairi lililovikwa kwenye fimbo. Kwenye ncha ndipo padogo kabisa. Ukimnyooshea mtu ncha umemnyima. Ziache wima.

#63 Mchovu_wa_Taa
MREJESHO WA PILI. Leo nimechukua likizo nusu siku. Nimerudisha chaja ya 1.5A kwenye ruta, king'amuzi nimekipa ile ya 1A na kinafanya kazi. Nimetoa diski. Nimezima DHCP ya ruta ya zamani na kuipa anwani 192.168.1.2 kama alivyonielekeza Bundi faraghani. Nimetoa ruta nyuma ya runinga, iko juu ya rafu. 5 GHz chaneli 44, 2.4 chaneli 11, upana 20. Asanteni sana.

#64 Mjukuu_wa_Edison
Umefanya yote SIKU MOJA? Sasa tutajuaje kilichoponya?

#65 Mchovu_wa_Taa
Mke wangu hajali.

#66 Mgeni_Leo
Habari zenu, na mimi yangu LOS inawaka nyekundu tangu asubuhi.

#67 Fundi_Nyaya
Hiyo mwanga haufiki. Angalia kebo nyembamba ya faiba isiwe imekunjwa kwa pembe kali au kubanwa na kiti, usiangalie ndani ya ncha yake kwa jicho, halafu wapigie kampuni. Na fungua uzi wako.

#68 Mchovu_wa_Taa
Siku ya tisa. Haijakata. 1970 hakuna hata moja.

#69 Fundi_Nyaya
Chaja.

#70 Bundi_wa_Seva
Karani.

#71 Mzee_wa_Feni
Imetoka nyuma ya runinga ikapata hewa. Sisemi kitu.

#72 Mjukuu_wa_Edison
Tufanye kwa haki. Rudisha chaja ya 1A peke yake, kila kingine kibaki. Siku tatu tu. Ikizima, Fundi ameshinda.

#73 Kobe_Mzee
Naunga mkono hoja. Si ruta yangu.

#74 Mchovu_wa_Taa
Nimeirudisha jana usiku, mke wangu amelala. Msiseme.

#75 Mchovu_wa_Taa
Siku ya nne na chaja ya 1A. Haijazima.

#76 Mzee_wa_Feni
🙂

#77 Fundi_Nyaya
Diski hujairudisha. Bila diski ina nafuu ya wati nne na nusu. Rudisha na diski ndipo tuongee.

#78 Mjukuu_wa_Edison
Na taa za nyumba wiki hii zimefifia?

#79 Mchovu_wa_Taa
Sijaangalia taa. Diski watoto wameshaihamishia kwenye runinga moja kwa moja, na mimi nimeshagundulika kuhusu chaja. Nimeambiwa nikiigusa ruta tena nihamie chumba cha nyuma nikaishi na ile ya zamani.

#80 Kijana_wa_Gemu
Huko ishara ikoje?